Mjadala: Serikali iweke kikomo cha watoto kwa kila familia?

Msukuma wa Meatu: Wakuu, sensa ya 2012 Tanzania tulikuwa kama milioni 45, ya 2022 tukafika milioni 61.7, na ardhi ni ileile. Mashamba ya babu zetu yamegawanywa mpaka mjukuu anarithi kiraka kisichotoa gunia tatu. Nasema watoto wawili, basi. Asiyeweza kuwalisha afungwe kizazi. Kwetu tulizaliwa tisa, baba akatusomesha kwa pamba, najua ninachosema.

Mama Neema: Tisa! Na hiyo pamba ilichumwa na nani kama si nyinyi? Sheria yako ingekuwepo, mzee wako angefungwa wa kwanza.

Msukuma wa Meatu: Dada, mzee wangu muache. Hakuwahi kuomba chakula kwa mtu.

Mwalimu Mstaafu: Wanangu, hili la kupima nani anafaa kuzaa lilishafika huku. Nairobi, 1933, walowezi na madaktari waliunda chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Daktari Gordon wa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, na mwenzake Vint walipima bongo za Waafrika, wakatangaza kwamba akili zetu ni duni tangu kuzaliwa. Wasiofaa wa wakati ule ni wazazi wetu sisi, wakiwemo wachuma pamba.

Kijana wa Buza: Mwalimu, ya wakoloni yameshapita. China walibana mtoto mmoja, ona walipo.

Mama Neema: Walipo wapi? 2016 wakaruhusu wawili, 2021 watatu, sasa wanabembeleza watu wazae. India 1976 wanaume walikuwa wanalazimishwa kufungwa kizazi, kwa mamilioni. Mwaka uliofuata waziri mkuu wao, Indira Gandhi, akaangushwa kwenye uchaguzi.

Kijana wa Buza: Kwa hiyo tuzae tu? Magufuli alisema hukohuko Meatu, 2018, kwamba wanaopanga uzazi ni wavivu.

Msukuma wa Meatu: Hapo nilimpinga na nampinga leo. Unalima mwaka mzima, bei anapanga mwingine. Uvivu uko wapi?

Ng'wana Shija: Umenena! AMCOS, chama chetu cha ushirika, ikichelewesha malipo, hata mwenye mtoto mmoja analala njaa.

Mama Neema: Mmeshahamia kwenye bei ya pamba. Mwanamke anakwenda zahanati kutafuta njiti za uzazi wa mpango, anaambiwa zimeisha, au arudi na mumewe. Leteni njiti kwanza, ndipo mje na sheria zenu.

Msukuma wa Meatu: Sasa mume kushirikishwa kuna ubaya gani?