Naomba ushauri: mashine pepe inazimika usiku, na diski ya kubeba

Wakuu, habari za kazi. Nina seva ya Proxmox (mfumo wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva moja) ofisini, RAM GB 32, diski mbili kwa ZFS (mfumo wa kuhifadhi faili). Mashine pepe ni tatu: ya uhasibu, yenye Windows, nimeipa GB 16, zilizobaki GB 6 na GB 4. Mchana shwari. Usiku bakapu ikianza tu, ile ya Windows inazimika, na asubuhi mhasibu ananiamsha kwa simu. Kwenye logi nakuta "Out of memory: Killed process" (RAM imeisha, programu imeuawa), na aliyeuawa ni kvm, programu inayoendesha mashine pepe.

Najua ZFS huweza kuchukua RAM nyingi kwa kashe (data inayowekwa karibu ili isomwe haraka), nikaibana kwa mpangilio wake wa zfs_arc_max iwe GB 4, nikawasha seva upya. Bado. Swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM ikijaa) haina kabisa. Je, nipunguze RAM ya Windows au niibane bakapu yenyewe?

La pili: flashi yangu ya Ventoy (programu ya kuwashia kompyuta kwa faili za ISO) inafaa kusimika mifumo, ila nikinakili mashine pepe ya GB 80 inachemka na kasi inakufa. Ninunue SSD ya nje iliyo tayari, au NVMe (SSD ndogo ya ndani ya kompyuta) na kasha lake la USB? Napanda sana bodaboda, HDD (diski inayozunguka) siitaki, mtikisiko utaiharibu.