Tupeane uzoefu: uliyehama jimbo hapa Marekani, mshahara uliobaki mkononi ulikuwaje?

Mleta Mada

Wakuu, salaam. Kila mwenye ndugu Dallas au Houston ameshaambiwa "njoo Texas, huku hakuna kodi". Anayesema hivyo hadanganyi, ila kasimulia nusu. Kodi ya serikali kuu inakufuata popote: ngazi zake zinaanzia asilimia 10 na kuishia 37, uwe Alaska au Bronx. Makato ya Social Security (pensheni), asilimia 6.2, na ya Medicare (matibabu ya wazee), asilimia 1.45, nayo hayajui mipaka ya majimbo. Kinachobadilika ni vile vinavyofuata: kodi ya mapato ya jimbo, pengine na ya jiji au kaunti, kodi ya mauzo dukani, kodi ya majengo, pango, bima ya gari, malezi ya watoto.

Majimbo yasiyogusa mshahara ni Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming. Yaliyobaki kila moja lina mtindo wake.

Karibuni tusimuliane. Taja kazi yako, unapolala na unapofanyia kazi (ni mambo mawili, mtaona), umejenga au umepanga, una watoto au huna. Kiasi cha mshahara si lazima, hatuposi mtu hapa.

Baba Mapacha

Mimi na mke wangu wote ni manesi. Tulitoka Maryland, kaunti ya Montgomery. Kule jimbo linakata chake, halafu kaunti inaongeza asilimia 3.2 juu yake, na wengi wanaohamia hawalijui hilo mpaka waone karatasi ya mshahara. Tukaja viungani mwa Houston. Hundi ya kwanza ilitupendeza sana.

Nyumba ndiyo iliyotufundisha Texas. Jimbo lenyewe halitozi kodi ya majengo. Wanaotoza ni wa chini yake: wilaya ya shule, ambayo ndiyo huchukua kipande kikubwa, kisha kaunti, mji, na kwenye mitaa mipya kuna chombo cha maji na mitaro kiitwacho MUD. MUD inalipa deni la mabomba yaliyochimbwa kabla hujafika, na wewe ndiye unayelilipa kila mwaka.

Sasa sikilizeni hili, maana mawakala wa nyumba hawalisemi kwa sauti. Texas wanapima thamani kama ilivyokuwa tarehe 1 Januari. Nyumba yetu siku hiyo ilikuwa kiwanja tu, kwa hiyo mwaka wa kwanza tulilipa kodi ya udongo. Mwaka wa pili ikahesabiwa nyumba nzima. Benki hukusanya kodi na bima pamoja na rejesho la mkopo, basi ikaja barua: malipo ya kila mwezi yamepanda, na juu yake kuna pengo la mwaka uliopita la kufidia. Mkopo wetu una riba isiyobadilika. Kilichopanda ni kodi na bima.

Kwa anayekuja: ulizia jumla ya viwango vya mtaa huo, kisha ukokotoe kwa bei kamili ya nyumba, usitazame bili ya mwaka jana ya kiwanja. Ukishahamia, jaza fomu ya msamaha wa nyumba unayoishi, wanaiita homestead. Tangu kura ya Novemba 2025, dola 140,000 za thamani haziguswi na kodi ya shule. Baada ya hapo thamani inayotozwa haiwezi kuruka zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Na ukiona wamekupandishia mno, pinga. Tarehe ya kawaida ya mwisho ni 15 Mei. Mimi hupinga kila mwaka, mke wangu anasema nimeifanya kuwa mchezo.

Tuko mbele kuliko Maryland? Ndiyo, kwa sababu mishahara ni miwili. Ungekuwa mmoja nisingethubutu kusema.

Chumba na Sebule

Mimi Texas nimepanga, kwa hiyo hayo ya MUD hayanihusu. Ahsante.

Baba Mapacha

Yanakuhusu, mdogo wangu. Mwenye nyumba haitoi kodi hiyo kwenye sadaka yake, anaitoa kwenye pango lako. Tena yeye haishi humo, kwa hiyo msamaha wa homestead hapati, na wewe hupati.

Ng'ambo ya Mto

Nalala Vancouver, jimbo la Washington. Kazi yangu iko Portland, Oregon. Katikati ni mto Columbia na daraja lenye foleni.

Washington haina kodi ya mshahara. Oregon haina kodi ya mauzo, hata senti. Wajanja wa vijiweni husema lala Washington, nunua Oregon, umemaliza kazi. Wanasahau kwamba mshahara hutozwa pia kule ulikoutolea jasho. Oregon inanitoza kama mkazi wa nje, na ngazi ya asilimia 8.75 inaanza mapema sana, mshahara wa kawaida kabisa unaingia humo. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiishi jimbo lisilo na kodi huku nikikatwa kodi kamili ya mapato, na chakula cha mchana cha kununua upande wa nyumbani nakilipia kodi ya mauzo ya Washington. Yaani nimepata ubaya wa pande zote mbili!

Kilichobadilisha ni kazi za kufanyia nyumbani. Oregon inatoza siku nilizofanya kazi ndani ya Oregon tu. Siku nikiwa Vancouver mezani kwangu, hazihesabiki kwao. Naziandika kwenye kalenda, na msimamizi amekubali kuthibitisha. Unafuu ninaouona kwenye marejesho ya kodi unatoka hapo.

Halafu hata Washington "isiyo na kodi" ina vimakato vyake: WA Cares (mfuko wa jimbo wa matunzo ya muda mrefu) asilimia 0.58, na mchango wa likizo ya uzazi na ugonjwa. Seattle kodi ya mauzo imepita asilimia 10, ingawa vyakula visivyopikwa vya kubeba kwenda nyumbani havitozwi.

Abiria wa Alfajiri

@Ng'ambo ya Mto, wewe una bahati. Mimi nakaa New Jersey, mwajiri yuko Manhattan. New York wana kanuni kwamba ukifanyia kazi nyumbani kwa hiari yako, si kwa lazima ya mwajiri, siku hiyo inahesabiwa kuwa ulikuwa New York. Nimekaa sebuleni kwangu, ng'ambo ya mto Hudson, na Albany, yaani serikali ya jimbo la New York, wanachukua chao. New Jersey hunipunguzia ili nisilipe mara mbili.

Faida niliyopata kwa kuhama Queens ni moja: kodi ya jiji. New York City inawatoza wakazi wake asilimia 3.078 hadi 3.876 juu ya ile ya jimbo. Ukilala nje ya jiji hulipi, hata kama unashinda humo. Nauli ya treni imekula sehemu ya faida hiyo. Na kununua nyumba New Jersey bado sijathubutu, kodi za majengo za huku zimo miongoni mwa kubwa kabisa nchini.

Mama Watatu

Naomba niseme kwa niaba ya wenye mishahara midogo, maana naona manesi wametawala.

Mimi ni CNA (msaidizi wa nesi), nalea watoto watatu peke yangu. Nilikaa Dallas, sasa niko Minneapolis, Minnesota. Dallas kodi ya jimbo kwenye mshahara ilikuwa sifuri. Lakini mshahara wangu wote unaishia dukani, na dukani kodi ya mauzo inafika asilimia 8.25. Vyakula vingi havimo, ila sabuni, nguo za shule nje ya ile wikiendi moja ya msamaha, vyote vimo. Bila gari huendi popote, na gari lina bima. Texas haijapanua Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo), kwa hiyo mimi mtu mzima ninayefanya kazi sikuwa na pa kuingilia. Watoto walipata, mimi hapana.

Minnesota inakata kodi kuanzia asilimia 5.35. Watu walinionea huruma kwa hilo, na kwa baridi. Ila nguo hazitozwi kodi ya mauzo. Na mwaka 2023 jimbo lilianza kutoa hadi dola 1,750 kwa kila mtoto kwa wenye kipato cha chini, na hurudishwa taslimu hata kama hudaiwi kodi. Zidisha kwa tatu. Bima ya afya nimeipata kwa MinnesotaCare, mpango wa jimbo, mchango unapimwa kwa kipato. Bili ya kupasha nyumba moto Januari inauma, sitawaficha.

Tahadhari moja. Niliongezewa mshahara kidogo tu, nikavuka mstari wa msaada wa malezi ya mtoto wa mwisho. Nyongeza ya mwezi mzima haikufikia ada ya wiki. Uliza mstari uko wapi kabla ya kukubali saa za ziada.

Zamu Mbili

Ndiyo maana mimi ovataimu sifanyi. Ukipanda ngazi ya kodi wanakula mshahara wote.

Mleta Mada

Hapana mkuu. Alichosema Mama Watatu ni misaada, ambayo kweli inaweza kukatika ghafla. Ngazi za kodi haziko hivyo. Ukitoka ya 12 kwenda ya 22, asilimia 22 inagusa dola zilizovuka tu, za chini zinabaki kwenye 12. Hundi ya ovataimu huonekana imekatwa sana kwa sababu mashine ya malipo inakisia kwamba utapata kiasi hicho mwaka mzima. Kikizidi hurudi ukijaza marejesho. Tena kwa miaka 2025 hadi 2028 ile nusu ya ziada ya ovataimu, si malipo yote, unaweza kuiondoa kwenye kipato cha kodi ya serikali kuu hadi dola 12,500. Social Security na Medicare zinakatwa kama kawaida. Fanya zamu yako.

Dereva Masafa

Nimepita majimbo mengi kuliko ninayoweza kuyataja, nikaulizwa mara nyingi kama nalipa kodi kila ninapopita. Hapana. Sheria ya shirikisho inasema mshahara wa dereva wa lori anayevuka mipaka unatozwa na jimbo analoishi tu. Makazi yangu ni Tennessee. Kwa mtu wa kazi yangu, anwani ni sehemu ya mshahara. Lakini iwe anwani ya kweli, yenye mke na godoro.

Ukinunua lori lako mwenyewe hesabu inageuka: unalipa Social Security na Medicare upande wako na wa mwajiri, asilimia 15.3, na unapeleka kwa awamu Aprili, Juni, Septemba na Januari.

Nesi wa Mikataba

Hilo la anwani ya kweli linatuhusu na sisi manesi wa mikataba ya muda mbali na nyumbani. Posho ya nyumba na chakula haitozwi kodi iwapo una makazi unayoendelea kuyagharamia kwingine. Aliyehamia moja kwa moja kwenye mkataba, posho yake ni mshahara, na inatozwa.

Mkaa Arlington

Kwa wa DC, Maryland na Virginia: hao watatu wamekubaliana, mshahara unalipiwa unapolala. Virginia hakuna kodi ya mapato ya kaunti, ila gari lako linatozwa kila mwaka kwa thamani yake. Mwenye gari jipya ajiandae.

Bronx Naondoka

Nimewasoma wote. Natoka Bronx kwenda Nashville, Tennessee, mwezi wa nane, kazi ya ghala, nimepanga. Nitegemee nini?

Dereva Masafa

Mshahara mzima, utafurahi. Dukani utanuna: kodi ya mauzo ya jimbo ni asilimia 7 na kaunti inaongeza, hata unga na mchele unatozwa, asilimia 4 ya jimbo na ya kaunti juu yake. Gari utalihitaji.

Abiria wa Alfajiri

Na New York utawajazia marejesho ya mkazi wa sehemu ya mwaka, hadi siku ya kuondoka. Funga mkataba wa pango, badili leseni na usajili wa gari mapema. Ukiacha chumba Bronx "cha akiba" na ukawa umekaa New York zaidi ya siku 183 za mwaka huo, watakuhesabu mkazi wa mwaka mzima.

Bronx Naondoka

Chumba namwachia binamu, mkataba nabadilisha uwe jina lake. Nikifika nitaleta karatasi ya mshahara ya kwanza, nikishafuta namba.