Peru serikali yao imepangwaje mpaka marais wanabadilishwa hivi? Naombeni kueleweshwa

Kijana wa Uyole:
Wakuu habari za saa hizi, poleni na baridi. Mimi nauza viazi hapa Mbeya, sasa kuna banda la chai tunakaaga lina tivii, ikapita taarifa, Oktoba hii ya 2025, kwamba rais wa Peru, yule mama Boluarte, wabunge wamemng'oa usiku wa manane, kufika asubuhi kuna kijana mwingine kabisa ndo kavaa ule mkanda mwekundu na mweupe begani. Mzee mmoja akasema huyo ni wa saba tangu 2016, ubishi ukaanzia hapo, huyu anasema ni mapinduzi, yule anasema hapana ni Bunge limefanya kazi yake, mwenye banda kaona watu wanapiga kelele na chai hawanunui akazima tivii. Sasa wanaojua mnisaidie, kule rais anachaguliwa na wananchi au na wabunge? Waziri mkuu wanae? Na inakuwaje mtu amepigiwa kura na nchi nzima halafu watu mia na kitu wanamtoa na maisha yanaendelea? Elezeni kawaida tu, mimi shule niliishia form four.

Mwl Mstaafu Iringa:
Kamwene kijana. Nimefundisha uraia miaka mingi kwa hiyo vumilia, ntaandika kirefu kidogo.

Rais wa Peru anachaguliwa na wananchi wenyewe, miaka mitano, akimaliza haruhusiwi kugombea tena hapo hapo mpaka kipite kipindi kimoja. Asipofikisha zaidi ya nusu ya kura, wawili wa juu wanarudi raundi ya pili, sio kama kwetu ambapo tangu marekebisho ya mwaka 2000 anayeongoza ndo kashinda hata kama hajafika nusu. Kupiga kura kule ni lazima, miaka 18 mpaka 70, ukibaki nyumbani unalimwa faini. Rais anagombea na makamu wawili, hii ishike maana ndo inaeleza huyo kijana uliyemwona katoka wapi.

Waziri mkuu yupo. Anateuliwa na rais na wala si lazima awe mbunge, ila kwa katiba ilivyokuwa mpaka 2026 ndani ya siku 30 lazima abebe baraza lake lote aende bungeni aeleze sera na aombe kura ya imani, wakimnyima baraza zima linaondoka. Bunge lenyewe, mpaka 2026, ni baraza moja, wabunge 130. Zamani yalikuwa mawili, seneti na wawakilishi, mpaka 5 Aprili 1992 Alberto Fujimori, rais wa wakati huo, alipolifunga Bunge akisaidiwa na jeshi, mwaka uliofuata ikaja katiba mpya yenye baraza moja na hiyo katiba ya 1993 ndo wanayo mpaka leo pamoja na viraka vyake.

Sasa sikiliza, kila upande umepewa rungu. Rais anaweza kuvunja Bunge kama limewanyima imani mabaraza mawili ya mawaziri. Bunge nalo linaweza kutangaza kiti cha rais kiko wazi kwa sababu rais hana uwezo wa kimaadili wa kudumu, na hiyo inahitaji kura 87 tu kati ya 130. Katiba haisemi popote uwezo wa kimaadili ni kitu gani na unapimwaje, wenye kura ndo wanaamua.

Kijana wa Uyole:
Ndaga fijo mwalimu. Kwa hiyo hicho kifungu ni lumbesa, gunia halina kipimo unashindilia tu mpaka uchoke 😂 ila bado sijaelewa, kwani rais hana wabunge wake wa kumlinda? Huku kwetu wa chama chake si wangepiga meza tu yakaisha

Dada wa Mafinga:
Hapo ndo penyewe mdogo wangu, hana. Chukua uchaguzi wa 2021, wagombea urais walikuwa 18, aliyeongoza raundi ya kwanza ni Pedro Castillo, mwalimu wa shule ya msingi kutoka huko Cajamarca milimani, alipata kama asilimia 19 tu, wa pili Keiko, binti wa yuleyule Fujimori, asilimia 13. Raundi ya pili Castillo akapita kwa tofauti ya kura kama elfu 44 nchi nzima. Kumbe Bunge wanalichagua siku moja na ile raundi ya kwanza, kura zikiwa zimetawanyika vyama kibao, chama chake kikaambulia viti 37. Sasa toa 37 kwenye 130 uone waliobaki ni wangapi halafu kumbuka wanaotakiwa kumng'oa ni 87. Ameanza kazi kamba iko shingoni tayari. Mwaka mmoja na miezi kadhaa akabadilisha mawaziri wakuu watano!!

Mwisho wake niliuona kwenye simu, 7 Desemba 2022, siku hiyo Bunge lilikuwa linaenda kupiga kura ya kumtoa kwa mara ya tatu, yeye akawawahi, katokea kwenye tivii anasoma karatasi kwamba analivunja Bunge, na ile karatasi ilikuwa inatetemeka mikononi kila mtu anaona. Masharti ya kuvunja hayakuwepo maana hakuna mabaraza mawili ya mawaziri yaliyonyimwa imani, jeshi likakataa, mawaziri wake wenyewe wakaanza kujiuzulu muda mfupi tu baada ya hapo. Bunge likakaa saa hizohizo likamtoa kwa kura 101, akapanda gari kukimbilia ubalozi wa Mexico, walinzi wake haohao wakageuza gari wakampeleka polisi. Makamu wake Boluarte akaapishwa siku ileile. Ndo huyo mama.

Mbishi wa Makambako:
Mnapamba tu hapa. Marais saba miaka kumi haijafika, hiyo nchi au daladala? Mimi nasema hiyo sio demokrasia ni fujo yenye katiba. Mwekezaji gani anapeleka hela yake sehemu ambayo hajui kesho atasalimiana na nani ikulu

Mhasibu Njombe:
Mbishi swali lako ni zuri japo umeuliza kwa hasira 😄 wawekezaji wapo na shaba inachimbwa kama kawaida, ni moja ya nchi zinazoongoza duniani kwa shaba. Siri ipo benki kuu. Gavana wao Julio Velarde aliingia pale 2006, hao saba wote wamemkuta na wakamwacha. Bodi ina watu saba, serikali inateua mwenyekiti, ambaye ndo gavana, na wengine watatu, Bunge linachagua watatu na huyo mwenyekiti lazima Bunge limthibitishe, kwa hiyo hakuna upande unaoishika peke yake. Katiba inakataza benki kuu kuikopesha serikali, huwezi kuwa rais wa miezi nane ukaagiza noti zichapwe ulipe ahadi zako. Na wabunge wenyewe hawaruhusiwi kubuni matumizi mapya ya serikali, kwa karatasi walau, ingawa miaka ya karibuni wamekuwa wakitafuta upenyo. Miaka ya 80 mpaka mwanzo wa 90 hawa watu walipigwa na mfumuko wa bei mpaka wakabadilisha sarafu mara mbili, hayo mambo ya benki hawataki mchezo nayo. Mimi ningekuwa na hela ningeogopa zaidi majambazi wanaodai hela za ulinzi kwa wenye mabasi kule Lima kuliko mambo ya ikulu, na ndo sababu waliyoitumia kumtoa mama, kwamba uhalifu umemshinda.

Mwl Mstaafu Iringa:
Mbishi, na wewe usisahau katiba yetu ibara ya 46A nayo inaruhusu Bunge kumwondoa rais kwa theluthi mbili. Tofauti ni mlolongo, kwetu mashtaka yametajwa, inaundwa kamati maalum ya uchunguzi, inaleta taarifa, ndipo kura. Kule wakiwa na haraka inaisha siku moja. Yule mama hoja ziliingizwa Alhamisi jioni, wakamwita aje kujitetea usiku huohuo, hakutokea, Ijumaa ya 10 Oktoba 2025 kabla hakujakucha nchi ina rais mwingine. Na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa makamu aliyepanda, na makamu wa pili hakuwepo, hakukuwa na makamu wa kumrithi, kiti kikateremka kwa spika wa Bunge, José Jerí, miaka 38. Ndo kijana wako wa kwenye tivii.

Dada wa Mafinga:
Ila nimpe Mbishi nusu ya haki yake. 2020 wabunge walimtoa Vizcarra, rais wa wakati huo, kwa kura 105 katikati ya korona, watu wakiwa wanazika ndugu zao, wakamweka spika wao Merino. Vijana wakajaa barabarani, wawili wakauawa, Merino akaachia ngazi hata wiki haijaisha. Kwa hiyo sheria ilifuatwa kura zikatosha na bado wananchi walisema hapana. Mimi hapo siwezi kuita ni Bunge kufanya kazi yake, samahani.

Kijana wa Uyole:
Na mikoani je? maana wakigombana huko Lima mkuu wa mkoa anapokea amri za nani?

Mhasibu Njombe:
Za wapiga kura wake. Wana serikali za mikoa 25, kila moja ina gavana aliyechaguliwa kwa miaka minne, rais hamteui wala hamhamishi. Pesa nyingi bado inatoka hazina ya taifa, hapo ndo wanapobanwa.

Mbishi wa Makambako:
Sawa nimesoma yote. Sasa hawajaona tatizo? Si wabadilishe

Mwl Mstaafu Iringa:
Wamebadilisha, ila angalia walichobadilisha. Desemba 2018 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama warudishe mabaraza mawili ya Bunge, wakakataa kwa kishindo. Machi 2024 wabunge wakayarudisha wao wenyewe kwa kurekebisha katiba, seneti ya watu 60 na wawakilishi 130, kuanzia uchaguzi wa Aprili 2026. Kwa mpango huo rais anaweza kulivunja baraza la wawakilishi, seneti haigusi.

Mbishi wa Makambako:
Yaani wamejiongezea viti 60 na ukuta juu 😂😂 haya na hao marais wanaotolewa wanaenda wapi?

Dada wa Mafinga:
Waliotolewa na hata waliomaliza muda wao, kadhaa wameishia Barbadillo, gereza dogo ndani ya kambi ya polisi pale Lima. Marais wa zamani, Toledo yupo kwa kesi ya hongo za Odebrecht, kampuni ya ujenzi ya Brazil, Humala kaingia Aprili 2025, Castillo nae yumo. Fujimori alikaa humohumo miaka mingi kabla hajatolewa na kufariki.

Mbishi wa Makambako:
Mh! Na bado wanajitokeza 18 kugombea.