Mjadala: Riwaya za kisayansi zitufanye tukatae uhariri wa vinasaba?

MLETA MADA, MOSHI
Wadau, salaam. Binamu yangu anafundisha fasihi hapa Moshi, na anashikilia kwamba Tanzania ipige marufuku kabisa kugusa vinasaba vya binadamu, hata kwa tiba. Hoja yake yote ameitoa kwenye riwaya mbili: Brave New World ya Aldous Huxley (1932) na Never Let Me Go ya Kazuo Ishiguro (2005). Nimezisoma zote mbili na ninazipenda sana. Ila alipofika yeye, mimi sifiki.

Tuna mtoto wa dada yangu mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Asili yetu ni Kanda ya Ziwa, ambako ugonjwa huu umejaa. Mara ya kwanza alikuwa hajatimiza mwaka: vidole vya mikono yote miwili vilivimba vikang'aa, analia hata ukimgusa na shuka, nasi tukadhani kaumwa na mdudu. Mpaka leo baridi ya Julai ikiingia anavaa soksi mbili mbili, chupa ya maji haimtoki mkononi, na maumivu bado yanakuja.

Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu inayotumia CRISPR, yaani zana ya kukata na kuhariri vinasaba. Mgonjwa hutolewa seli shina za damu, zikahaririwa maabara ili zitengeneze tena ile himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) aliyokuwa nayo tumboni mwa mama. Kisha hupewa dawa kali za kusafisha uroto, yaani uboho wa mifupa unaotengeneza damu, ndipo akarudishiwa seli zake. Mabadiliko yanabaki kwenye damu yake, watoto wake hawayarithi.

Huxley hakuandika habari hiyo. Watu wake hutengenezwa kwenye chupa, London, na wa tabaka la chini hupunguziwa oksijeni wakiwa viinitete, yaani mimba changa, ili wazaliwe duni. Hakuna kinasaba kinachoguswa. Umbo lenyewe la DNA lilikuja kujulikana 1953. Anacholaani ni dola kuamua mapema nani azaliwe mtumwa, na hapo niko naye.

Je, tukataze vyote, au tutenganishe kumtibu mgonjwa aliyepo na kukibadilisha kiinitete? Naomba kuwasilisha.

MCHANGIAJI, ARUSHA
Pole kwa mtoto, ndugu yangu. Lakini mpaka unaouchora unafutika kirahisi. Mwaka 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kuzaliwa kwa pacha wawili wa kike aliowahariri wakiwa viinitete, kwenye kinasaba cha CCR5, ili wasiambukizwe VVU. Alihukumiwa kifungo cha miaka 3, lakini mabinti wapo, na walichobadilishiwa wanaweza kukirithisha. Nani aliwauliza? Huku kwetu ndiko iliko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Niambie, mtoto kama huyo aje amshtaki nani, baba yake? Namuunga mkono binamu yako. Kila jambo la namna hii huanza kwa jina la tiba.

MUUGUZI, MOSHI
Kaka zangu, mimi hofu yangu iko kwingine. Bei ya Casgevy Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mama ninayempokea kliniki anahangaikia nauli na haidroksiyurea ya mwezi, dawa ya kupunguza makali ya selimundu. Kwa Ishiguro, wale vijana waliozalishwa ili watolewe viungo wanaambiwa ukweli mwishoni: dunia ikishazoea saratani kupona, haitakubali kurudi nyuma kwa ajili yenu. Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Naogopa damu ya watoto wetu itatumika kwenye utafiti, na tiba ikapata wengine. Mkiandika sheria, anzeni na hilo.

MLETA MADA
Dada, hilo sikuwa nimelifikiria, na lina uzito kuliko mada yangu. Mtoto wa kwetu akitoa damu kwa utafiti, haki yake ya kutibiwa iandikwe kabla sindano haijaingia.

Kaka wa Arusha, viinitete nakubali: sheria ikataze waziwazi. Lakini huyu wa kwetu ana miaka 11, anaulizwa na anajibu. Nilipomweleza habari ya tiba hiyo, alitaka kujua jambo moja tu: kama ataruhusiwa kuingia Mto Karanga na wenzake, maana maji ya baridi ndiyo yanayomlaza.