Tupeane uzoefu: siku mbili Mji Mkongwe, mfuko mwepesi

Bint Mbagala:
Habari zenu, ndugu zangu. Jana nilikuwa nikiupekua mkoba wangu wa zamani ili nimpe mdogo wangu, nikakuta ndani yake kipande cha tiketi ya boti ya Unguja na punje tatu za karafuu zilizokwisha kupoteza harufu, na tangu hapo sijatulia. Niliondoka Dar es Salaam Jumamosi kwa boti ya asubuhi, nikarudi Jumapili jioni, na fedha yote niliyokuwa nayo ilikuwa shilingi 150,000, ambayo nauli ya kwenda na kurudi ilikula zaidi ya theluthi. Nilipata chumba cha feni huko Malindi, choo mwisho wa ujia, na nilikifurahia. Mchana kutwa nilitembea bila kulipia chochote: Ngome Kongwe niliingia bure nikapumzika kivulini, na Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, nililitazama kwa nje tu, kwa kuwa sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Kosa lilikuja usiku, Forodhani, ile bustani ya pwani wanapouza vyakula jioni. Mpishi mmoja mwenye kofia ndefu nyeupe alinikaribisha kwa maneno matamu, nami nikawa nanyoosha kidole tu: mshikaki wa pweza, wa kamba, wa chewa, mkate wa nazi, na sikuuliza bei hata mara moja kwa sababu niliona haya mbele ya wageni waliokuwa wamesimama nyuma yangu. Hesabu ilipokuja, ilikuwa imepita kodi ya chumba. Nilirudisha mishikaki miwili iliyokuwa bado haijapashwa moto, nikalipa iliyobaki, nikaila polepole sana huku nikihesabu kila tonge ni shilingi ngapi, na Jumapili nilishinda na mkate wa boflo na chai mpaka napanda boti. Tafadhali nanyi mtueleze yaliyowakuta, ili anayejiandaa kwenda asirudie haya yangu.

Fundi Cherehani:
Sahani hiyo hiyo ilinikuta mimi pia, tena mbele ya mchumba.

Mkaazi wa Vikokotoni:
Dada, pole, lakini mimi mzaliwa wa hapa nitasema kweli: pale sisi huenda kupunga upepo na kunywa juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Chakula cha mtu mwenye fedha kidogo ni urojo wa mitaani wakati wa alasiri, bakuli moja lenye viazi, bhajia, kachori, chatne ya nazi na chipsi za muhogo juu yake, na ukitaka mshikaki unaongezewa. Usiku tafuta mkate na maharage ya nazi kwenye vichochoro vya ndani. Kahawa chungu inanywewa pale Jaws Corner, ambapo wazee wanacheza dhumna, na kikombe hakimshindi mtu. Tena, ukitaka kuoga baharini, panda daladala namba 502 uteremke Bububu, usiende kukodi gari la kukupeleka Nungwi kwa siku mbili zako hizo.

Mama Wawili:
Mimi niliwapeleka wanangu wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa miaka tisa, na kwa ujinga wangu sikuangalia kalenda, kwa hiyo tuliteremka bandarini siku ya nne ya Ramadhani. Sisi ni wenyeji wa Morogoro na si Waislamu, wala sikufikiri kwamba migahawa karibu yote ya mtaani ingekuwa imefungwa mchana. Nilinunua maembe na mikate sokoni Darajani, tukala chumbani pazia limefungwa, wanangu wakidhani ni mchezo wa kujificha. Ilipoadhiniwa Magharibi, Bi mwenye nyumba alituma binti yake na sinia lenye muhogo wa nazi, tambi, kaimati na uji, akasema mgeni hafuturu peke yake ingawa hakufunga. Usiku wa pili ikawa vivyo hivyo. Nilipokuja kupiga hesabu, safari ile ya watu watatu ilinigharimu kidogo kuliko ya peke yangu niliyoifanya mwaka uliotangulia, lakini simshauri mtu aende akitegemea futari ya watu.

Baharia wa Nchi Kavu:
Mimi namshauri. Aende na watoto wawili wenye macho ya njaa.

Mpenda Safari:
Hakuna aliyewataja mapapasi, wale madalali wa vyumba wa bandarini, nami nimeingia kwa ajili yao. Unashuka botini, hujavuka hata lango, tayari umeshikwa begi na mtu anayekuita ndugu yangu na kukuapia kwamba nyumba uliyoitaja imejaa, imefungwa au imehamia mtaa mwingine. Mimi nilipelekwa nyumba tatu, na kila nilipofika bei ilikuwa juu kuliko ile niliyoambiwa kwa simu, kwa sababu mwenye nyumba anaongeza fungu la aliyekuleta. Ushauri wangu ni kuweka nafasi mapema, kujua jina la mtaa, na kutembea kama mtu anayekwenda kwa shangazi yake.

Papasi Mstaafu:
Ndugu Mpenda Safari, kazi hiyo niliifanya kwa miaka tisa na nilisomesha mdogo wangu kwayo, kwa hiyo naomba tuheshimiane. Ni kweli wapo waongo. Lakini mgeni anayeshuka na boti ya jioni bila nafasi, akiwa na fedha ya chumba kimoja cha bei ya chini, ni nani anayejua kwamba kwa Bi fulani huko Kiponda kuna kitanda kilichobaki? Ni sisi, na hatumo katika intaneti. Kuweka nafasi mapema ni kwa mwenye fedha. Asiye na fedha aje siku za katikati ya wiki, aende mwenyewe mlangoni, atapunguziwa.

Mpenda Safari:
Umesema aende mwenyewe mlangoni. Sasa wewe wa kazi gani?

Papasi Mstaafu:
Wa kumwonyesha mlango, bwana.

Kijana wa Ubungo:
Naona mnabishana kuhusu vyumba, nami usiku wangu nilikuwa nimelipia chumba na sikukilalia. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimepata mshahara wangu wa kwanza, nikasema lazima nami nifike Unguja kabla fedha haijakwisha. Jumamosi alasiri, kama saa kumi na moja hivi, nilifika Forodhani nikakuta wale vijana wanaoruka kutoka ukutani na kujitupa baharini kwa madaha, mmoja anapinduka hewani, mwingine anapita juu ya vichwa vya wenzake, na watalii wanapiga picha. Najua kuogelea, maana nimekulia kando ya mto. Nikavua shati na suruali, nikavikunja vizuri juu ya viatu karibu na ngazi, nikaruka na bukta. Katika mfuko wa suruali ile kulikuwa na simu, kitambulisho, tiketi ya kurudi ya Jumapili saa moja asubuhi, ufunguo wa chumba na shilingi 62,000, ambazo ndizo zilikuwa uchumi wangu wote hadi mwisho wa mwezi.

Niliruka mara tano au sita. Nilipopanda, viatu vilikuwepo, nguo hazikuwepo.

Nilizunguka bustani yote nikiuliza, na kadiri giza lilivyoingia ndivyo watu walivyozidi kunikwepa, maana nani anataka kuongea na mtu aliyelowa, kifua wazi, anayetetemeka na kuuliza suruali? Nikaona afadhali nirudi nyumba ya wageni nieleze shida yangu, kumbe jina la nyumba lilikuwa limeandikwa kwenye kibao cha ufunguo na mimi sikulishika kichwani. Mnaoijua Mji Mkongwe mnaelewa: kila kichochoro kina mlango wenye misumari ya shaba, kila kona ina paka, na ukipita mara tatu unadhani umepita mitaa mitatu kumbe ni mmoja. Akina mama waliokuwa kwenye baraza walijifunika uso, sijui kwa stara au kwa kicheko. Mzee mmoja alinisimamisha akaniuliza kwa ukali kama kwetu watu hupita mbele za wake za watu wakiwa katika hali ile, na nilipofungua mdomo kujibu, nikaona machozi yananitoka, mtu mzima na mshahara wake.

Alikuwa muuza kahawa, amekwisha kumaliza kuuza, dele mkononi na vikombe ndani ya ndoo. Hakuniuliza zaidi. Alifungua mfuko wake, akatoa kikoi, akanivisha mwenyewe na kukikaza kiunoni kama anayemvisha mtoto, kisha akanipa kahawa ya mwisho iliyokuwa imebaki, yenye masimbi mengi kuliko maji. Nyumbani kwake kulikuwa na wanawake peke yao, kwa hiyo alinilaza kwenye baraza ya nje, akaniletea mkeka na mto. Aliniamsha wakati wa adhana ya Alfajiri, na baada ya sala tukaenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Pale ndipo tulipokuta habari. Mtoto wa miaka kama kumi alikuwa ameona maji yanapanda ngazi na wimbi linakaribia kuchukua nguo, akazinyanyua, viatu akaviacha kwa sababu mikono ilikuwa imejaa, akanisubiri mpaka alipoitwa nyumbani, akampelekea mama yake. Mama yule alihesabu fedha mbele ya jirani, akaandika kwenye karatasi, akapeleka kwa sheha kabla ya Isha. Shilingi 62,000 kamili. Boti ya saa moja niliisikia ikipiga honi wakati nafunga mkanda.

Mama Wawili:
Mwanangu, nimesoma mpaka wali umeungua.

Fundi Cherehani:
Sisi sote hapa kazini tumesimamisha cherehani.

Baharia wa Nchi Kavu:
Hadithi ni tamu, lakini ina tundu. Mimi nimefika Forodhani saa kumi na moja na chini ya ukuta palikuwa na mchanga na mawe matupu, watoto wanacheza mpira. Ungeruka pale tungekuwa tunasoma habari nyingine.

Mkaazi wa Vikokotoni:
Ndugu Baharia, jina lako linakufaa. Bahari ina saa zake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hujaa kwetu kama saa kumi, saa kumi na moja, alasiri na alfajiri. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo ni mengine, na ukienda saa hizo hizo utakuta pwani kavu. Wale vijana hawaruki ila wanapoona maji yamefika ngazi wanazozijua. Swali la kumuuliza huyu ni moja tu: usiku ule mwezi ulikuwaje?

Kijana wa Ubungo:
Mpevu. Ndiyo maana akina mama walinionea mbali.

Baharia wa Nchi Kavu:
Nimefuta kauli yangu. Suruali naikubali.

Mkaazi wa Syokimau:
Nawasalimu kutoka Kenya. Nimekuwa nikisoma kimya, ila naomba nitaje Mombasa, kwa kuwa sisi wa Nairobi hatuna haja ya boti. Treni ya SGR daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya tangu mwaka 2024, unaondoka asubuhi na alasiri uko Miritini. Hapo ndipo wengi hupotezea hela, maana kituo kiko mbali na mji na madereva wa teksi wanalijua hilo. Tembea na umati utoke nje upande matatu. Mji wa Kale unazungukwa kwa miguu, Fort Jesus iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 unaweza kuitazama kwa nje kama dada Bint Mbagala alivyofanya, kivuko cha Likoni hakimtozi anayetembea kwa miguu, na jioni unakaa bustani ya pwani ya Mama Ngina kwa mihogo ya kuchoma yenye ndimu na pilipili. Mimi na mke wangu tuliishi hivyo usiku mmoja, tukarudi tumeshiba. Na kwa heshima zote, viazi karai vya kwetu vinaushinda urojo.

Mkaazi wa Vikokotoni:
Yote nimeyakubali mpaka sentensi ya mwisho.

Papasi Mstaafu:
Mlete Unguja, nitamwonyesha mlango.

Bint Mbagala:
Jamani, tusigombee viazi. Nataka kupanga kwenda tena mwezi wa Agosti na mdogo wangu, na mtu mmoja ameniambia nipande meli ya usiku kwa kuwa nauli yake ni nafuu na naokoa kodi ya chumba.

Mpenda Safari:
Unaokoa chumba, unapoteza mgongo. Mimi nililala chini katikati ya magunia, meli ikatia nanga nje ya bandari kungoja kupambazuke, na siku iliyofuata niliimaliza nikisinzia.

Mama Wawili:
Mimi nililala vizuri sana, nilikwenda na khanga mbili na mto.

Mkaazi wa Vikokotoni:
Agosti ni kusi, bahari inachafuka, khasa kwa anayetoka Unguja kurudi Dar. Kaa nyuma na chini, usikae mbele, na usile urojo kabla ya kupanda. Wanapogawa vile vifuko, pokea viwili.

Fundi Cherehani:
Samahani, mimi bado niko kwenye hadithi. Kikoi je, kilirudi kwa mwenyewe?

Kijana wa Ubungo:
Kilirudi baada ya miezi saba. Mama alikifua, akakipiga pasi, nikavuka nacho pamoja na kilo mbili za sukari. Mzee alikipokea kwa furaha, akakikunjua, akakitazama upindo kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa upole kwamba hiki si chake, chake kilikuwa na mstari wa kijani. Nilipomuuliza mama, akasema kile kilikuwa kizuri mno kukirudisha.