Fundi kachomelea valvu ya usalama ya tangi langu la presha, eti "nimekuzibia panapovuja". CHALII WA MOSHI SOMA HAPA

Wakuu habari za jioni. Nipo Arusha, nimekuja na hasira kwa hiyo mtanivumilia nikiandika kwa fujo. Wale wa "uzi mrefu sijasoma" piteni tu salama, hii kitu nimeibeba tangu Jumamosi usiku na leo lazima niitue.

Kazi yangu ya pembeni ni rezini, ule uji wa epoksi unaoganda ukawa mgumu kama plastiki. Nachukua vipande vya mpingo na mninga vinavyobaki kwa wachongaji, vile vyenye nyufa na matundu ambavyo wenyewe wanachochea moto, navipanga kwenye moldi ya silikoni, namwagia epoksi yenye rangi, ikishakauka nakata nachonga mipini ya visu na viholda vya funguo, wenye maduka ya vinyago wanachukua. Sio hela ya kutisha ila ada ya watoto inatoka humo. Adui yangu ni povu. Ukikoroga epoksi na hadina (dawa yake ya kuigandisha) hewa inaingia, na mbao nayo inatoa hewa yake taratibu wakati wewe ushalala, asubuhi unakuta mpini una vitundu kama mkate wa kumimina. Mteja wa kisu anapitisha kidole tu, akikutana na kitundu kimoja anarudisha mzigo.

Dawa ni presha. Wengi wanadhani presha inalitoa povu, hapana, inaliminya. Ukiweka psi 45 (psi ni kipimo cha presha) kwenye tangi ile hewa ya kwenye kiputo inabanwa mpaka inabaki chini ya robo ya ilivyokuwa, ukiiacha humo humo mpaka epoksi igande basi halina pa kutanukia tena, jicho halilioni. Na matangi yaliyotengenezwa maalum kwa rezini bei zake ndo hizo, kwa hiyo watu wanachukua lile la mafundi rangi, la lita 10, linalosukuma rangi kwenda kwenye gani ya kupulizia, wanaligeuza. Kuligeuza wala sio kazi ya ajabu, unatoa lile bomba refu la ndani linalonyonya rangi, unaziba tundu la kutokea rangi, umemaliza. Geji, regulata (inayopunguza presha ya kompresa) na valvu ya usalama (inayojifungua yenyewe presha ikizidi) VINABAKI. Narudia, vinabaki.

Basi nikanunua tangi duka moja hapa mjini, laki tatu na nusu, kibati chake kimeandikwa mwisho psi 60. Siku ya kwanza kulijaribu nikaona linashuka, nimejaza 45 baada ya masaa mawili naikuta 30. Nikalipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima huku mitaa ya Unga Limited, mzee anaheshimika, anachomelea mageti mazuri sana sikatai. Nikamwambia mzee nitolee hili bomba, zibia hapa kwa plagi, na kuna mahali panavuja niangalizie. Hiyo sentensi ya mwisho ndo imenileta hapa.

Nikalifuata Ijumaa. Mfuniko mzima kaupuliza rangi ya silva, unang'aa, nikasema dah mzee kaniongezea na urembo. Nikalipa elfu ishirini na tano na ya soda juu.

Jumamosi nina oda ya mipini sita. Nikamwaga, nikafunika, nikakaza zile bolti za mkono kwa kupishanisha moja huku moja ng'ambo, nikaweka regulata kwenye 45, na kwa kuwa bado nilikuwa na wasiwasi wa kuvuja nikaiacha kompresa imeunganishwa ili iwe inaongezea yenyewe. Hapo kosa ni langu, nalikubali, msihangaike kunifokea. Ukishajaza unafunga koki ya kuingizia hewa unachomoa hosi, regulata za bei chee haziaminiki, zinapitisha kidogo kidogo hata kama umeweka 45, na kompresa yangu inakata ikifika bar 8, hiyo ni kama psi 116.

Nikaenda kula. Narudi stoo kama saa nne usiku namulika geji na tochi ya simu, 78. Nikafuta kioo nikidhani ni ukungu. 78, na mshale unatembea.

Sasa mtu yeyote anayejua haya matangi anajua mkono unaenda wapi. Unaenda kwenye ile ringi ya valvu ya usalama, unaivuta, hewa inatoka, unapumua. Mkono wangu ukaenda. Haukukuta ringi. Ukakuta kinundu, kigumu, kina mikwaruzo ya grenda pembeni, rangi ya silva juu yake. Nikapapasa tena kama kipofu nikidhani nimekosea upande. Aisee kile kinundu mpaka leo nakisikia kwenye ncha ya kidole.

Na upande wa pili wa kutolea rangi niliagiza mwenyewe uzibwe kwa plagi, sikuweka koki. Yaani tangi halina mlango. Kufungua bolti likiwa na presha ni kujiua, mfuniko wangu una kipenyo cha sentimita 24, pigeni hesabu, kwa psi 78 ni karibu tani mbili na nusu zinasukuma kwenda juu na zinashikwa na bolti sita za kukaza kwa mkono. Na ile stoo imepakana na chumba cha watoto, ukuta wa tofali la inchi 5.

Nikachomoa kompresa kwenye umeme kwanza, nikarudi nimeinama kama mwizi, nikachomoa hosi pale kwenye tangi, na Mungu ni mwema hewa ikaanza kurudi nyuma kupitia regulata, fyuuuu, taratibu, dakika kadhaa. Mke wangu akatokea mlangoni, "Baba hao, nini hicho kinalia?" Nikamwambia watoe watoto uwapeleke kwa jirani. Hakuuliza la pili.

Mipini sita kwaheri, epoksi ilikuwa bado laini, presha ilivyoshuka povu lote likafumuka upya. Lakini hilo sio linaloniuma.

Jumatatu nikamfuata mzee. Nikaanza na shikamoo, maana hasira ni hasira na shikamoo ni shikamoo.

"Marahaba kijana wangu, umeniletea jingine?"

"Mzee, valvu yangu iko wapi?"

"Ipi hiyo?"

"Ile yenye ringi juu ya mfuniko."

"Aaah, ile. Ile ndo ilikuwa inakuvujishia, nikaitoa nikakuzibia. Na wala sikukuchaji."

Wakuu nilikosa neno. Mzee wa watu ananiangalia kwa upole kabisa, anasubiri asante. Akainama akachokoa kopo la nati na bolti akanitolea valvu yangu, nikavuta ringi ikarudi TAP, nzima kabisa, imeandikwa 60. Jioni nikajaza psi 10 tu, nikapaka povu la sabuni kwenye mfuniko, na unajua panapovuja ni wapi? Kwenye mpira wa mfuniko, karibu na mpini wa kubebea. Yaani kaacha panapovuja kaziba panapotuokoa!

Turudi pale gereji. Nikamweleza mzee kwamba fundi rangi anakaa pembeni ya tangi lake mchana kutwa, geji iko machoni, akimaliza kazi anatoa hewa. Mimi naliacha na presha masaa 24 ndani ya nyumba watu wamelala, atakayekesha ananilindia ni hiyo valvu peke yake. Akatafakari kidogo akasema basi nitoboe nikufungie ile ya presha kuka, ninayo hapa. Ya presha kuka! Ile kwa kawaida inaachia kwenye psi 15 hivi, kazi yangu inataka 45. Na mfuniko ulishapigwa moto wa kuchomelea, mimi siuamini tena hata ufungwe valvu ya dhahabu.

Nikaenda dukani kutafuta mfuniko mpya peke yake. Kijana wa kaunta hajanyanyua hata macho kwenye simu, "spea zake hazipo boss, inauzwa kamili". Namweleza mkasa, ananijibu wenzako wanajaza mpaka mia hakuna aliyelalamika. Kibati cha tangi analouza mwenyewe kimeandikwa 60! Nikamuuliza umewahi kukisoma? Akasema boss kama hununui nipishe wateja.

Lakini kilichonifanya nifungue huu uzi ni neno la mwisho la mzee pale gereji. Nilipokuwa naondoka, katika kujitetea, akasema "mbona kuna chalii mwingine alikuja na tangi kama lako, anatokea Moshi, nilimzibia hivi hivi mwezi juzi na hajawahi kurudi kulalamika". Namba yake hana, jina hakumbuki. Anakumbuka tu alikuja na pikipiki, tangi kalifunga kwa mpira wa kufungia mizigo, na alisema anatengeneza shanga na vidani.

Chalii wa Moshi, kama upo humu au kuna mtu anakufahamu: usijaze hilo tangi. Kama sasa hivi lina presha usiguse bolti hata moja, zima kompresa, chomoa hosi, toa kila mtu humo ndani na wewe utoke, ukirudi hakikisha mshale uko kwenye sifuri. Halafu pitisha kidole juu ya mfuniko upande ulio mbali na geji. Ukikuta kinundu cha silva nicheki PM, nitakuelekeza na valvu za psi 60 za robo inchi nikizipata, na kama kuna mwenye kujua zinapouzwa Arusha au hapo Moshi aweke hapa chini.

La kwangu liko uani, nimetoa mfuniko, wife analiwekea mkaa.