Taji na nyota vya marehemu babu aliyekuwa Keya: ni beji za afisa kweli?

Mjukuu wa Keya

Ndugu wanajamvi, salaam. Marehemu babu mzaa baba alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alipigana Bama (Burma, leo Myanmar) na akarudi nyumbani akiwa sajini meja. Katika kibati chake cha tumbaku tumekuta nishani yake ya Burma Star, taji la shaba lenye upana wa sentimita 4 hivi, na nyota ya rangi ya kahawia iliyokoza yenye upana wa sentimita 2 na nusu. Mnunuzi wa vitu vya kale aliyepita kijijini anasema taji na nyota ni beji za luteni kanali na anazitaka zote mbili kwa pamoja. Babu hakuwa afisa, na baba hataki ukoo wetu ujivike cheo kisicho chake. Je, beji hizi ni halisi, na zilivaliwa na nani?

Mkusanyaji wa Nakuru

Mjukuu, kabla ya yote usizisugue. Rangi ya kahawia ya nyota hiyo si uchafu. Maafisa wa Kiingereza walipoanza kuvaa kaki za kazini mwaka 1902, beji zao zilitiwa rangi hiyo makusudi ili zisimetemete juani, na ikishasuguliwa hairudi.

Ni kweli kwamba taji moja na nyota moja begani ni cheo cha luteni kanali, lakini vitu hivyo hutengenezwa kwa kulingana kwa madini, rangi na ukubwa, maana vyote hukaa kwenye ukanda mwembamba wa bega. Taji la sentimita 4, tena la shaba inayong'aa, halikai pale. Taji kubwa namna hiyo lilivaliwa kwenye mkono wa shati au koti, chini ya kiwiko, na sajini meja wa kombania. Nadhani basi kwamba mnunuzi ameunganisha vitu viwili visivyohusiana, na kwamba taji ni la babu yako mwenyewe.

Tazama pia umbo lake. Mataji ya enzi za wafalme, kuanzia 1901 hadi 1952, yana matao yaliyopanda juu kama kuba. Yale ya Malkia Elizabeth II yamebonyea katikati, chini ya tufe lenye msalaba. Lakini umbo la kuba peke yake lisikutulize, kwa sababu Mfalme Charles III alilirudisha mwaka 2022, kwa hiyo hata beji iliyotengenezwa juzi inaweza kuwa nalo.

Nyota ni ya afisa bila shaka, ikiwa ina mataji matatu katikati yaliyozungukwa na maneno TRIA JUNCTA IN UNO.

Sonara Mstaafu

Naongeza la ufundi. Beji halisi za aina hii ziligongwa kwa muhuri wa chuma, ilhali nyingi za bandia husubiwa kwenye kalibu iliyochukuliwa kutoka beji nyingine. Chukua kioo cha kukuzia uangalie maandishi ya nyota: yaliyogongwa yana kingo kali, na ya kusubu yamelegea kama sabuni iliyotumika, na mara nyingi utaona vitundu vidogo vya hewa. Pitisha ukucha ukingoni pia ukatafute mshono. Kisha geuza nyuma, kwani huko ndiko waigaji wanakokuwa wavivu: vijipete vilivyochomelewa zamani vina kutu ileile ya beji yenyewe, na risasi nyeupe inayong'aa kuvizunguka ni kazi ya karibuni.

Mjukuu wa Keya

Nawashukuru sana, wazee wangu. Nimeazima kioo kwa fundi wa saa. Herufi za nyota zinasomeka zote, isipokuwa mbili zilizolika upande mmoja. Nyuma ya taji kuna vijipete viwili, na katika kimoja bado kumekwama kipande cha pini ya shaba chenye kutu ya kijani. Matao yake ni ya kuba. Shangazi ametoa picha ambayo sikuwahi kuiona: babu amesimama kando ya lori, mikono ameikunjia kifuani, na taji liko chini ya kiwiko cha kulia.

Mkusanyaji wa Nakuru

Basi taji mna haki nalo, na picha hiyo ina thamani kuliko beji zote mbili; iwekeni pamoja nalo. Burma Star haitasaidia, kwa kuwa nishani zile hazikuchorwa majina. Kuhusu nyota, uhalisi wake hausemi ilitoka begani kwa nani. Tafuteni hati yake ya kuagwa jeshini ili mjue batalioni, kisha shajara za vita za batalioni hiyo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, Kew, ambazo hutaja maafisa kwa majina. Mnunuzi akirudi, mwambieni nyota na taji haviuzwi kama seti, kwa sababu havijawahi kuwa seti.